Nililiuliza Dirisha, Likanijibu

Wanaotegemea kusikia kwamba macho yangu yalifunguka nawaomba radhi mapema: hayakufunguka. La kulia halioni kitu. La kushoto linatofautisha mlango na ukuta, tena mchana, jua likiwa kali. Presha ya macho haina njia ya kurudi; ikishaharibu mshipa unaopeleka picha kwenye ubongo, matone na upasuaji vinalinda kilichobaki tu, kilichokwenda kimekwenda. Kwa hiyo ushuhuda wangu ni wa kazi. Nashuhudia jinsi nilivyorudi kwenye kiti changu cha hesabu, katika duka la jumla la vifaa vya ujenzi hapa Morogoro mjini, baada ya kila mtu kukubali kwamba kiti hicho kimenishinda, na mimi mwenyewe nikiwemo.

Ugonjwa huu huanza kula pembezoni. Nilikuwa naiona tarakimu vizuri kabisa katikati ya skrini, ila sioni iko kwenye mstari wa bidhaa gani. Karani wa stoo anayeona 340 bila kujua kama ni nondo za milimita 12 au mifuko ya saruji hana tofauti na asiyeona kabisa. Tena huyo wa pili ana nafuu, kwa sababu hataandika kitu. Nikaanza kuweka rula kwenye skrini. Nikakuza herufi za Windows mpaka saa ya pale chini ikawa kubwa kama ya ukutani, lakini programu yetu ya stoo haikuwa na habari. Iliandikwa zamani na fundi mmoja kwa Visual Basic 6, lugha ambayo Microsoft waliitoa mwaka 1998 na kuacha kuihudumia mwaka 2008, na herufi zake zilibaki vilevile alivyozipanga yeye siku ile. Fundi mwenyewe alishahama mji, akaondoka na neno la siri la kanzidata.

Nilipofika kwa daktari sehemu kubwa ilikuwa imeshapotea.

Bosi wangu ni mzee muungwana, sina ugomvi naye. Aliniambia, "Mama, wewe kaa hapa mbele upokee wateja. Hesabu atazishika huyu kijana." Nikawa naketi kwenye kiti cha plastiki karibu na makopo ya rangi, nikiwakaribisha watu ambao hawakuhitaji kukaribishwa, mwenye kujenga anajua anachotafuta, na akiingia dukani macho yake yako kwenye bati, hayako kwangu. Mshahara nao ukapungua, bila barua, bila maneno. Matone ya macho yakawa yanakula sehemu kubwa ya kilichobaki. Kuna aliyenishauri nimtajie mzee sheria. Ni kweli ipo: Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi awe na asilimia 3 ya watu wenye ulemavu. Ila sisi, ukihesabu hata wapakiaji na mlinzi wa usiku, 20 hatukufika. Na hata tungefika, sheria ingenipa kiti. Isingenisomea kilichoandikwa kwenye skrini iliyo mbele ya kiti.

Kilichonikosesha usingizi si kukosa kuona watu. Watu nawajua kwa sauti. Kilichoniumiza ni kwamba hesabu zile nilizijua. Nilikuwa naisikia bei ikitajwa kaunta, najua ni ya mzigo wa zamani, nasikia kijana anaiandika hivyohivyo, na siwezi kuamka nikaangalia.

Mtoto wa kaka yangu alikuwa chuoni anasomea mambo ya kompyuta. Alipokuja likizo akanikuta nimekaa barazani mchana kweupe, jambo ambalo hakulizoea. Akaniuliza maswali machache, akaingia ndani, akatoka na kompyuta yake ya mkononi.

"Shangazi, hii inasema."

"Inasema nini?"

"Chochote kilichoandikwa humo ndani."

Programu aliyoniwekea inaitwa NVDA. Kazi yake ni kusoma skrini kwa sauti, na unaiendesha kwa kibodi peke yake, huna haja ya kipanya. Ilianzishwa mwaka 2006 na Michael Curran, kijana wa Australia asiyeona, akaungana na James Teh, ambaye naye haoni. Kabla yao iliyotamba ni JAWS ya Ted Henter, Mmarekani aliyepoteza macho katika ajali ya gari mwaka 1978. Hiyo inauzwa, na kwa bei ambayo duka kama letu lisingekaa hata kuijadili. NVDA ni ya bure. Nilipoambiwa kwamba waliotengeneza zote mbili ni watu wasioona nilinyamaza kidogo. Nilikuwa nimeshajizoeza kufikiri kwamba vitu vya namna hii hutengenezwa na watu wenye huruma.

Mwanzoni ilinisomea Kiswahili kwa sauti ya Kiingereza. Misumari ikatamkwa kama mji wa Marekani, tukacheka mpaka mama akatoka jikoni kuuliza kuna nini. Kumbe ile sauti inayokuja nayo, eSpeak NG, inajua Kiswahili pia, ni kuchagua tu. Ni sauti ya kibati, haina pumzi wala furaha, lakini inatamka vokali zetu zote, na ukiizoea unaiongeza kasi mpaka mtu aliyekaa jirani anadhani redio imekosa stesheni.

Nikajifunza kuandika barua. Nikajifunza kutafuta faili. Nikarudi dukani na spika za masikioni, nikamwomba mzee anipe saa moja tu kwenye kompyuta ya stoo baada ya kufunga. Nikafungua programu yetu, nikabonyeza Tab.

NVDA ikasema: kisanduku, 340. Nikabonyeza tena. Kisanduku, 24500. Tena. Kisanduku, 50. Tena. Kisanduku, tupu. Namba zilikuwepo zote, hazina majina. Lile jedwali kubwa la chini lenye bidhaa zote halikusema kitu chochote, kana kwamba halipo. Nilirudi palepale nilipoanzia ugonjwa: naona tarakimu, sijui ni ya nini.

Hapa inabidi nieleze jinsi dirisha la kompyuta lilivyo, maana hapa ndipo nilipookokea. Mwenye macho anaona picha moja. Ndani ya Windows si picha moja. Dirisha lina madirisha madogo ndani yake: kila kisanduku cha kuandikia, kila kitufe, kila orodha ni dirisha lake, lina aina yake na namba yake. Na yote yamefundishwa kuitikia. Programu nyingine yoyote inaweza kupiga hodi kwenye kisanduku na kuuliza, una maandishi gani? Hodi hiyo ina jina lake, WM_GETTEXT, na kisanduku kilichoumbwa vizuri kinarudisha maandishi yake yote, herufi kwa herufi, bila kujali rangi wala ukubwa wala kama kuna mtu anayekitazama. NVDA ilikuwa inapata namba kwa sababu visanduku vinaitikia. Majina haikuyapata kwa sababu ya Visual Basic 6: maneno kama "Salio" na "Bei ya kuuza" pale juu ya visanduku hayana dirisha lake. Yamepakwa tu kwenye fomu, kama yalivyopakwa maandishi kwenye ukuta wa duka letu. Hakuna wa kuitika.

Nilipomwambia mtoto wa kaka, akasema tatizo la majina ni dogo kuliko ninavyofikiri.

"Wewe shangazi unaijua hiyo fomu?"

Naijua! Nimeitumia tangu ilipowekwa. Nikamchorea kwa kidole mezani: juu kushoto msimbo wa bidhaa, kulia kwake jina, chini yake kipimo, halafu bei ya kununua, bei ya kuuza, salio, kiwango cha kuagiza. Yeye akaja na AutoHotkey, programu ya bure iliyoanzishwa na Chris Mallett mwaka 2003, ambayo unaiandikia maelekezo machache kwenye faili la kawaida nayo inayatekeleza. Inakuja na chombo kinachoitwa Window Spy. Ukipeleka kipanya juu ya kitu chochote kwenye skrini, kinakutajia jina la dirisha dogo lililo chini yake. Akawa anapeleka kipanya, ananisomea: ThunderRT6TextBox7. Mimi namwambia, hapo ni salio. ThunderRT6TextBox2. Hapo ni kipimo. Kisanduku cha kwanza kwa macho kinaweza kuwa cha saba kwa hesabu ya dirisha, kwa sababu namba zinafuata mpangilio wa ndani wa fomu, hazifuati mpangilio wa juu mpaka chini. Bila mtu anayeijua fomu, majina yale hayana maana. Bila Window Spy, kuijua kwangu fomu kusingenisaidia.

Skripti yenyewe ilikuwa fupi. Nikibonyeza F9, inaviuliza visanduku vile kimoja kimoja, inapachika jina mbele ya kila jibu, inaunganisha kuwa sentensi moja na kuipeleka kwa NVDA isemwe. Watengenezaji wa NVDA wameacha mlango kwa ajili hiyo, faili dogo ambalo programu nyingine inaweza kulitumia kuiambia, sema hili. Alama ya kutoa tuliibadilisha iwe neno "pungufu", maana salio lililo chini ya sifuri ni jambo ambalo karani hatakiwi kulipita bila kulisikia. Tulijaribu nyumbani, kwenye nakala ya programu aliyoiweka kwenye kompyuta yake. Nikabonyeza F9.

"Nondo milimita 12. Kipimo, kipande. Bei ya kuuza, 24500. Salio, 340."

Sitaeleza nilivyojisikia. Niliibonyeza tena.

Dukani haikufanya kazi. Skripti ileile, programu ileile, F9 ikaleta majina matupu: bei ya kuuza, kimya, salio, kimya. NVDA yenyewe ilikuwa inasoma visanduku vizuri, lakini skripti inarudi mikono mitupu. Tulikaa pale mpaka mlinzi akaja kuuliza kama tunalala humo. Mtoto wa kaka alikuwa ameshaanza kulaumu umeme ndipo akakumbuka kuangalia programu ya stoo inafunguliwaje. Ilikuwa inafunguliwa kwa haki za msimamizi wa kompyuta, kwa sababu fundi aliifanya iandike mafaili yake mahali ambapo mtumiaji wa kawaida haruhusiwi. Na tangu Windows Vista, programu yenye haki ndogo huzuiwa kutuma jumbe nyingi kwa dirisha la programu yenye haki kubwa. Zinazuiwa njiani. NVDA ikiwa imesakinishwa ipasavyo ina ruhusa maalumu ya kuvuka hapo, kwa ajili ya watu kama mimi. Skripti yetu haikuwa nayo.

Dawa ilikuwa rahisi: skripti nayo ifunguliwe kwa haki za msimamizi. Lakini neno la siri la msimamizi analo mzee, na mzee alikuwa hajui tunafanya nini humo.

Nikaenda kumweleza. Alinisikiliza mpaka mwisho, halafu akauliza swali ambalo mpaka leo naliheshimu. "Sasa mama, programu inayochukua maandishi ya programu nyingine, si wizi huo?"

Nikamwambia inaweza kuwa. Mtu mbaya anaweza kutumia njia hiihii kunyonya majina ya wateja wako. Ndiyo maana kisanduku cha neno la siri hakimjibu mgeni. Windows inakataa kutoa kilichomo hata kikiulizwa na programu nyingine. Vingine vyote vinajibu. Kwa hiyo nilimwekea masharti mwenyewe kabla hajaniwekea yeye: skripti itasoma tu, haitaandika popote, haitabonyeza kitufe cha kuhifadhi wala cha kufuta. Kubonyeza nitabonyeza kwa kidole changu. Nikamchapishia maelekezo yote kwenye karatasi. Hakuyaelewa, na hakujifanya anayaelewa. Aliikunja karatasi akaitia kwenye sefu pamoja na risiti za mzigo, akaja kuandika neno la siri.

Sharti lile la kusoma tu sijalivunja hadi sasa, ingawa ningeweza, na wapo wanaonicheka. AutoHotkey inaweza kuandika oda nzima kwa kubonyeza mara moja. Lakini skripti haioni. Inapiga hodi kwa namba, na namba zinahama. Tuliliona hilo wakati mzee alipoingia kwa jina lake badala ya langu: akiingia yeye, programu huongeza kisanduku cha faida ambacho sisi wengine hatukioni. Namba zote zikasogea. F9 ikaniambia kwa sauti yake ileile isiyo na wasiwasi kwamba nondo moja inauzwa shilingi 340 na tuna vipande 24500 stoo. Kwa bahati bei ya nondo naijua. Ingekuwa salio la misumari ningeamini. Tangu hapo skripti huanza kwa kuhesabu visanduku, na hesabu isipokuwa ile inayoitarajia inasema "fomu imebadilika" na kunyamaza. Sasa fikiria ingekuwa inaandika.

Lile jedwali la chini lilibaki. Hilo ndilo lililokuwa na kazi yote ya mwisho wa mwezi: wadaiwa, mzigo ulioisha, mzigo uliolala. Jedwali la aina ile hujichora lenyewe, seli zote, na ukilipigia hodi halina maandishi ya kukupa. NVDA ina njia ya kusoma picha; unabonyeza vitufe viwili, inapiga picha dirisha na kujaribu kutambua herufi. Kwa barua inatosha kabisa. Kwa hesabu niliikataa. Ilinisomea 8 mahali penye 6, na geji 30 ikaja na herufi O badala ya sifuri. Neno lililokosewa unalishtukia, sentensi inagoma. Tarakimu iliyokosewa haigomi; inapita, inajumlishwa, inamfikia mzee.

Njia ikapatikana kwenye printa. Programu yetu ilikuwa inaweza kuchapisha ripoti za jedwali lile lote. Windows ina printa ya kubuni iitwayo Generic / Text Only, ya enzi za mashine za kugonga herufi, ambayo haijui picha wala mistari, inajua herufi tu. Ukiielekeza ichapishe kwenye faili badala ya karatasi, ripoti nzima inatua kama maandishi matupu. Nililifungua faili la kwanza nikalisikia likianza na nafasi nyingi, halafu "SARUJI 42.5", halafu nafasi, halafu namba. Kila safu inaanzia mahali palepale kwenye kila mstari, kwa hiyo kuzikata ni kuhesabu herufi: hapa mpaka hapa ni msimbo, hapa mpaka hapa ni jina, kilichobaki ni fedha. Majina marefu yalikuwa yamekatwa mkia, lakini msimbo ulikuwepo, na misimbo naijua.

Sehemu hiyo niliiandika mwenyewe. Mtoto wa kaka alisharudi chuoni, tukawa tunafanya kwa simu, ananieleza mpaka bando linakata katikati ya neno. Kuandika maelekezo ya kompyuta kwa masikio ni kazi ya aina yake. Unaiamuru NVDA itaje kila alama, na basi mstari mmoja unakuwa: mabano, nukuu, nukuu, koma, asilimia, mabano. Ukikosa nukuu moja unaambiwa namba ya mstari wenye kasoro, unaurudia herufi kwa herufi kwa mshale, na kichwa kinauma mahali ambapo zamani yalikuwa yanauma macho. Nilikuwa nalala mapema kama mtu aliyebeba zege. Lakini ilikuwa ni uchovu wa kazi. Ule wa kiti cha plastiki ulikuwa mwingine, huo haukuisha kwa kulala.

Kimoja kidogo, kwa yeyote mwenye programu ya zamani. Kile kisanduku cha Windows kinachojitokeza katikati kusema kuna hitilafu, chenye kitufe cha sawa, ukibonyeza Ctrl na C kinanakilika chote: kichwa, ujumbe, hata majina ya vitufe, yametengwa kwa vistari. Wenye macho wengi hawajui. Wanapiga picha skrini kwa simu na kuituma kwa fundi ikiwa imepinda.

Mzee alinirudisha kwenye hesabu kwa awamu. Kwanza wadaiwa tu. Kijana akaendelea na mauzo ya kaunta, na haki yake, ana mkono mwepesi. Kwenye fomu moja moja mimi ni mzito kuliko yeye, sitadanganya. Yeye anatupa jicho, mimi nasikiliza sentensi. Kwenye mwisho wa mwezi ni kinyume. Yeye alikuwa anateremka jedwali la wadaiwa mstari kwa mstari akitafuta jina la mtu, na programu yetu haina mahali pa kutafuta. Mimi ninalo lote kwenye faili la maandishi: naandika jina, linatoka, na deni lake, na tarehe. Siku hizi ananiita kutoka kaunta, "Mama, hebu nitafutie huyu." Mshahara ulirudi ulipokuwa. Nao ulirudi bila barua.

Kinachonisumbua ni kwamba yote haya yasingehitajika. Microsoft waliweka njia rasmi ya programu kujieleza kwa wasioona mwaka 1997, na nyingine kubwa zaidi wakati wa Vista. Kwenye programu za siku hizi, kukipa kitufe jina linalosikika ni neno moja ambalo mtengenezaji analiandika mara moja katika maisha ya kitufe hicho. Fundi wetu wa zamani simlaumu sana, lugha aliyotumia ilimbana. Wa leo hawabanwi na kitu.

Namsema wa leo kwa sababu tumekutana naye. Mzee ameamua kununua programu mpya, ya kwenye intaneti, ili aone mauzo kwa simu akiwa safarini. Muuzaji akaja na kompyuta yake, akaeleza vizuri sana. Alipomaliza, mzee akasema, "Mpe huyu mama ajaribu." Nikaomba NVDA iwekwe, nikabonyeza Tab. Kitufe. Tab. Kitufe. Tab. Kitufe. Nikamuuliza kipi kati ya hivyo ni cha kuhifadhi. Akasema, "Hicho cha kijani, mama." Halafu mwenyewe akasikia alichosema, akanyamaza.

Mzee hakugomba. Alimwambia huyu ndiye atakayeitumia, kwa hiyo nenda ukaviandike majina, urudi. Alirudi kweli. Hifadhi inasema hifadhi, ghairi inasema ghairi, na visanduku vyote vya bidhaa vina majina. Jedwali la wadaiwa bado ni kimya. Ameahidi kulileta baada ya Idi, na mkataba haujasainiwa.